Paka wa bibi na kifua cha mwanangu

Ukweni kuna mambo huwezi kuyasema hivi hivi. Desemba iliyopita tulikuwa Kasulu kwa mama mkwe wangu. Mwanangu wa miaka minne analala na bibi yake, na miguuni pao analala paka. Siku ya tatu mtoto macho mekundu, chafya haziishi, usiku kifua kinalia kama filimbi. Bibi akasema ni baridi ya huku, mtoto wa Dar hajazoea. Akamwongezea blanketi. Nami nikanyamaza.

Tukaenda Kibondo kwa wifi yangu, ambaye hafugi paka. Siku mbili mtoto mzima kabisa. Ya tatu kifua kikarudi, tena kwa nguvu. Nilichanganyikiwa jamani! Daktari akauliza, "Kule mlikotoka alikuwa analala na nani?" Na bibi. Na paka. "Na jana alijifunika nini?" Kumbe lile lile blanketi la Kasulu, nililitoa kwenye begi baridi ilipozidi.

Wengi tunadhani aleji ya paka inatoka kwenye manyoya. Hapana, ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi yake. Akijilamba inabaki mwilini, ikikauka inapeperuka na kunata kwenye nguo, godoro na mapazia. Hata paka akihama, inaweza kukaa ndani miezi. Na moshi wa kuni ukiongezeka hapo, kifua kinazidi kubana. Daktari alitupa salbutamol ya kuvuta, akatuonyesha jinsi ya kuipitisha kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, mtoto akahema taratibu. Akatuonya: mkiona mbavu zinazama ndani akihema, au anashindwa kuongea, msingoje kukuche.

Kazi ikawa kumwambia mama mkwe. Ukisema "paka", yeye anasikia "nyumba yako chafu". Halafu paka yule si pambo, ndiye mlinzi wa magunia ya maharage na mahindi. Bila yeye panya wanamaliza hadi mbegu. Nikamwachia mume wangu aseme, ni mama yake. (Shosti, na wewe fanya hivyo.) Hakuomba paka afukuzwe. "Mama, mtoto anabanwa kifua. Naomba paka awe analala stoo."

Bibi akakaa kimya, kimya kirefu. Mwisho akasema, "Mngeniambia siku ya kwanza." Akainuka, akamtoa paka na kufunga mlango wa chumba mwenyewe. Mashuka na mablanketi tukayafua kwa maji ya moto, godoro tukalikung'uta nje mtoto akiwa mbali. Kumshika paka ruksa, ila uani, na mikono inaoshwa papo hapo. Chafya bado zipo moja moja, lakini usiku analala.

Juzi bibi kapiga simu: paka kazaa wanne. Mwanangu akaninyang'anya simu. "Bibi, wa kwangu yupi?"