Saratani ya mdomo ikirudi, rudi hospitali



Wengine husema saratani ya mdomo ikirudi baada ya upasuaji, mgonjwa abaki nyumbani akingoja kufa. Mimi sikubali. Kisu si tiba pekee. Kuna mionzi: mashine huelekezwa penye uvimbe bila kukata. Kuna dawa za saratani zinazopitishwa kwenye mshipa. Tiba hizi ziko Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam. Si kila mgonjwa hupona, lakini uvimbe huweza kupungua. Ipo pia mofini ya kunywa, hutuliza maumivu makali.

Ukiona kidonda au uvimbe tena, usingoje. Chukua kadi yako ya zamani. Daktari lazima ajue mionzi uliyokwisha kupata. Acha tumbaku, ugoro na pombe.

Mganga Msaidizi, Mukendo, Musoma