Tusiuze ng'ombe kufuata shule



Baadhi yetu wazazi wa Butiama na Bunda tunauza ng'ombe ili tununue viwanja Musoma mjini, eti watoto wakae karibu na shule zinazofaulisha. Mwaka 1934 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwenda kusoma Mwisenge kwa sababu kijijini hapakuwa na shule. Leo shule zipo, lakini walimu hawatoshi wala hawana nyumba. Je, asiye na ng'ombe mtoto wake asome wapi?

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora. Nasi tuache kuzikimbilia. Wazazi tuchangie nyumba za walimu. Serikali nayo ilete walimu.

Mzazi,
Butiama.