Huruma Peke Yake Haitoshi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wapo vijana wa parokia zetu wasemao, "Nataka kazi ya kuwasaidia maskini." Wazazi wengine huwakatisha tamaa kwamba kazi hiyo haina mshahara wa maana. Wengine husema moyo wa huruma unatosha, masomo ya nini? Wote wanakosea.

Tutazame hapa Chalinze, njia panda ya Morogoro na Tanga. Mgonjwa wa kifua kikuu hupewa dawa bure, na matibabu kwa kawaida huchukua miezi 6. Lakini akikosa nauli ya kutoka kijijini, au chakula, ataacha dawa katikati na kuwaambukiza wanawe. Hapo dawa ya daktari peke yake haifui dafu. Anahitajika mtu wa ustawi wa jamii, achunguze hali ya kaya, amtetee asiye na uwezo apate msamaha wa malipo hospitalini, na ajue mlango wa kubisha.

Mwaka 1617, huko Châtillon, Ufaransa, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alihubiri habari ya familia moja iliyougua. Waumini wakapeleka chakula kingi siku hiyo hiyo. Padre akaona kuwa kingine kitaoza, kisha njaa irudi. Akaunda chama cha akina mama, wakahudumia kwa zamu. Huruma ilikuwapo, ulikosekana utaratibu.

Utaratibu huo hufundishwa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa cheti, stashahada na shahada. Tengeru, Arusha, ipo taasisi ya maendeleo ya jamii.

Hata hivyo kijana asingoje barua ya chuo. Aanze sasa kutembelea wagonjwa pamoja na jumuiya yake ndogo ndogo. Ajifunze kusikiliza bila kukatiza, kutunza siri, na kuandika sawasawa aliyoyaona. Anayetangaza kanisani kwamba fulani kapewa unga, amemshibisha siku moja na kumwaibisha mwaka mzima. Tena amwulize mhitaji mwenyewe aonavyo, maana umaskini haumwondolei mtu akili.

Wazazi, mtoto akichagua njia hii msimcheke. Mlipieni ada kwa moyo uleule ambao mngemlipia masomo ya udaktari.