Eksirei Si ya Mifupa Peke Yake

Katika mwalo wa Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, mvuvi atakaye kujua kama wavu wake bado una nguvu hushika uzi kwa mikono miwili na kuuvuta. Ukikatika, amepata jibu. Lakini hajapata sababu. Kwa maoni yangu, elimu yetu ya fizikia nayo huishia hapo. Mwanafunzi hufundishwa kwamba eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, hupiga picha za mifupa. Hafundishwi kwamba mionzi hiyo hiyo yaweza kutueleza kwa nini uzi umekatika.

Nailoni ni polima, yaani molekuli ndefu mfano wa mnyororo. Ndani ya uzi, minyororo hiyo hufanya tabaka za fuwele zinazopokezana na sehemu zisizo na mpangilio, na tabaka hurudia kila baada ya nanomita 10 hivi. Jua likiupiga wavu siku nyingi, minyororo hukatika. Darubini ya kawaida haioni vitu vidogo kiasi hicho. Lakini eksirei yenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.154, ikipita katika uzi huo, hutawanyika kwa pembe isiyofikia digrii moja. Kwenye kipokezi kilicho umbali wa mita moja, alama hutokea milimita 15 tu kutoka katikati. Mpangilio ukiharibika, alama huhama au hufifia. Chembe za polima zilizomo katika rangi za maji, zenye upana wa nanomita 100 hivi, hutawanya eksirei katika pembe ndogo zaidi, kama sehemu ya kumi ya digrii. Katika miaka ya 1930 Mfaransa André Guinier alionyesha jinsi ya kukokotoa ukubwa wa chembe kutokana na mtawanyiko huo.

Wako watakaosema kwamba mitambo hii ni ghali, na kwamba Afrika nzima haina sinkrotroni hata moja. Ni kweli. Mimi mwenyewe niliuona mtambo wa namna hii nikiwa masomoni ng'ambo, nikaona haya: kanuni yake nilikuwa nimeikariri nyumbani, wala sikuwahi kuishuhudia kwa macho yangu.

Kumbe ningeliweza kuishuhudia Kamanga. Usiku, tazama taa moja ya mbali ya jiji la Mwanza kupitia kitambaa cha mwavuli kilichokazwa. Utaona vinukta vya nuru vimejipanga mfano wa msalaba. Tumia kitambaa chenye nyuzi zilizokaribiana zaidi: vinukta vitaachana zaidi. Nafasi ikiwa ndogo, pembe huwa kubwa. Nafasi ikiwa kubwa, pembe huwa ndogo. Eksirei nayo hufuata kanuni iyo hiyo. (Jua lisitazamwe kamwe.)

Sisemi kwamba mwavuli watosha badala ya maabara. Nasema kwamba mtambo waweza kununuliwa kwa mwaka mmoja, bali mtu wa kuutumia hulelewa tangu kidato cha pili. Walimu, yatupasa kuanza sasa, ili siku moja uzi wa mvuvi wetu upimwe na kijana wetu.