SAA SITA MCHANA HADI MAGHARIBI, MTOTO NI WA NANI?

Kengele ya shule ya msingi hulia, na watoto wa madarasa ya chini wa zamu ya asubuhi hutoka mbio. Wakati huo mama yuko sokoni, au anapika chakula cha mafundi kando ya jengo linalojengwa. Baba yuko juu ya bodaboda. Hawatarudi mpaka giza limeingia. Twauliza: katika saa hizo sita na zaidi, mtoto wa miaka minane wa Manzese au Mbagala yuko mikononi mwa nani?

Twajua majibu. Amefungiwa chumbani na mdogo wake pamoja na jiko la mkaa. Au yuko barabarani. Au dada yake wa darasa la sita hakwenda shule leo ili amwangalie. Na katika nyumba zenye nafasi kidogo yupo msichana aliyeletwa kutoka bara, naye mara nyingi ni mtoto, analea watoto wa wengine huku yeye mwenyewe hana wa kumlea. Jambo hili la mwisho hatulisemi sana, kwa sababu baadhi ya nyumba hizo ni zetu sisi viongozi.

Yapo maneno hupenda kusemwa hapa: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali ni njema, lakini siku hizi imegeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mama peke yake. Wazee wetu walikuwa na nyingine: mkono mmoja haulei mwana. Wanawake walioingia TANU mwaka 1955 pamoja na Bibi Titi Mohamed, wengi wao wakitoka katika vikundi vya ngoma na biashara ndogo ndogo, waliishi katika nyumba za ua mmoja, ambamo bibi, shangazi na jirani walikuwa wanaona kila mtoto anayetoka na anayeingia. Ua ule ulifanya kazi bila kuitwa kituo. Leo mpangaji wa chumba cha mbele hamjui wa chumba cha nyuma, na kesho mmoja wao atahama kwa sababu ya kodi. Hatuwezi kuurudisha ua ule kwa kuusifu. Yatupasa kuujenga upya, mtaa kwa mtaa, kwa jina lake jipya: kituo cha mtaa.

Wasiodhani kwamba jambo hili ni kubwa na wasikie habari za mji wa Chicago, Marekani. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba iliyoitwa Hull House katika mtaa wa wahamiaji maskini. Addams ameandika kwamba watoto watatu wa kwanza wenye vilema waliokutana nao pale wote waliumia mama zao wakiwa kazini. Mmoja alianguka kutoka dirisha la juu. Wa pili aliungua. Wa tatu uti wa mgongo ulipinda, maana kwa miaka mitatu alifungwa kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni, akifunguliwa adhuhuri tu, kaka yake alipokimbia kutoka kiwandani kuja kula naye. Mama yule hakuwa mkatili. Alikuwa mfanyakazi asiye na mahali pa kumweka mwanawe.

Hull House ikaweka darasa la watoto wadogo, mahali pa kulelea mchana, vikundi vya watoto wa shule, uwanja wa michezo, na masomo ya jioni kwa wazazi. Lakini hawakuishia kwenye uji na michezo. Waliokaa na watoto waliona kwa macho yao viwanda vinavyowala, wakaenda kupigania sheria. Mwaka 1893 jimbo la Illinois lilikataza watoto walio chini ya miaka 14 kufanya kazi viwandani, na Florence Kelley, mkazi wa nyumba hiyo, akawekwa kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda. Mwaka 1899 ikafunguliwa pale Chicago mahakama ya kwanza ya watoto katika Marekani, kwa juhudi ambazo wanawake wa Hull House walikuwa mbele.

Na mwisho wake? Chama kilichoirithi kazi hiyo kilifunga milango Januari 2012, kwa ghafla, kwa kukosa fedha, baada ya zaidi ya miaka 120. Sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa mikataba ya serikali. Mikataba ilipopungua, wazazi wa mtaani hawakuwa na nguvu ya kuishika nyumba isianguke, kwa kuwa haikuwa inasimama juu yao. Hapo ndipo tunapotaka wanachama wakazie macho. Kituo kinachoanza kwa gari la mfadhili na kibao chenye rangi hufa siku gari linapoondoka. Tumeviona hapa kwetu, na vibao vyake bado vimesimama.

Basi kituo kianze na nini? Kianze na tulicho nacho. Mitaa mingi ina ofisi ya tawi yenye mabenchi, ambayo hupata watu uchaguzi ukikaribia na kubaki na popo miezi mingine yote. Ifunguliwe saa sita. Wapo walimu wastaafu mtaani wanaoweza kukaa na watoto juu ya hesabu na kusoma. Yupo mabalozi wa nyumba kumi anayejua ni chumba gani kina mtoto peke yake. Hiyo ndiyo kazi ya kweli ya balozi. Ofisa ustawi wa jamii aje siku moja kwa juma, mama mwenye shida ya matunzo na baba aliyefukuzwa kazi wamkute pale pale, bila nauli ya kwenda manispaa.

Fedha tuzungumze bila haya. Watoto 40, kila mmoja akichangiwa shilingi 500 kwa siku, ni shilingi 20,000. Kwa siku 20 za kazi ni 400,000. Hizo hazitoshi kuwalipa walezi wawili kwa haki na kununua unga, sukari na mkaa. Nasi hatukubali lile wazo la kwamba akina mama watalea bure kwa kuwa "ni kazi yao." Mlezi asiyelipwa huondoka apatapo kibarua, na watoto hurudi barabarani. Pengo lazima lizibwe na halmashauri, kwa fungu la wazi katika bajeti yake. Vilevile ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Mpaka sasa huwaza ya kuku na ya sabuni; kikundi cha wanawake wanaoendesha kituo kina haki ileile ya kuomba.

Mambo mawili hatutayalegeza. Mlezi yeyote ajulikane, achunguzwe, na asikae peke yake na watoto; mzazi aweze kuingia saa yoyote bila hodi ndefu. Na mlangoni mtoto asiulizwe kadi ya mama yake. Mwenye chama kingine, asiye na chama, mgeni aliyehamia jana, wote waingie.

Tawi litakalofungua mlango lituandikie: watoto wangapi, mlezi analipwa kiasi gani, uji unatoka wapi. Tutazichapa barua hizo katika ukurasa huu, na za matawi yaliyojaribu yakashindwa tutazichapa vilevile, pamoja na sababu.