"Hard cheese" siyo pole, jamani

Kwenye vikundi vyetu vya kujifunza Kiingereza kuna msemo umeingia kwa kasi: "hard cheese". Mtu simu imemwanguka, kioo kimepasuka, anaambiwa "hard cheese". Wengine wanadhani ndiyo pole ya Kizungu. Hapana.

Ukitafsiri neno kwa neno unapata "jibini ngumu", yaani ile iliyokauka, haitafuniki vizuri. Ni msemo wa Waingereza tangu miaka ya 1800, na maana yake ni bahati mbaya. Siku hizi hata kwao unasikika wa kizamani kidogo. Mahali pake ni kwenye mambo madogo kati ya marafiki: umefungwa mchezo, umekosa basi. Na mara nyingi una kejeli ndani yake, anayeusema hana huruma sana. Sisi mtaani tunao ndugu yake: "imekula kwako". Nani anaweza kumwambia mfiwa hivyo?

Pole ni kitu kingine. Ukimpa mtu pole umesimama naye, anakueleza yaliyomkuta, anakujibu "asante, nimeshapoa". "Hard cheese" inafunga mazungumzo hapo hapo.

Sasa hoja yetu iko hapa. Mgao wa chakula ukipunguzwa, au jina la familia likikosekana kwenye orodha, utasikia mtu anamwambia mama wa watu, "bahati mbaya, mama". Bahati gani? Kioo cha simu kupasuka, sawa, hiyo ni bahati. Lakini orodha imeandikwa na mtu, na mgao umepangwa na watu. Palipo na aliyeamua, kinachotakiwa ni swali: kwa nini imekuwa hivi, na malalamiko yanapelekwa wapi?

Sisi tunaojitolea kutafsiri ndio tunaobeba maneno ya pande zote mbili. Tukisema "bahati mbaya" tunaficha uamuzi wa mtu, na yule mama anarudi nyumbani bila kujua kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sisi njaa tunaijua, hatuna kisingizio.

Kwa hiyo "hard cheese" tuiache uwanjani, timu ikifungwa. Kwenye foleni tupeane pole, halafu tusaidiane kuuliza.

Nyinyi mnaonaje?