Waanglo-Saksoni Hawakuwa Washenzi

Waanglo-Saksoni walitawala sehemu kubwa ya Uingereza kuanzia karne ya 5, baada ya majeshi ya Roma kuondoka, hadi Wanormani walipoiteka mwaka 1066. Vitabu vya shule na vipindi vya televisheni haviishi kudai kwamba hiyo ilikuwa miaka 600 ya giza: Waroma wameondoka na ustaarabu wao, wamebaki washenzi wa kupigana na kulewa. Huo ni uzushi, na kazi za mikono za watu hao zinauumbua.

Mwaka 1939, huko Sutton Hoo, Suffolk, Basil Brown alifukua kaburi la mwanzoni mwa karne ya 7, pengine la Mfalme Rædwald. Marehemu alizikwa ndani ya merikebu yenye urefu wa mita 27. Bizimu la mkanda wake ni la dhahabu, uzito zaidi ya gramu 400, na usoni pake wamesukana nyoka, ndege na wanyama wa miguu minne, wakiumana mikia na shingo. Katika vishikizo vya mabegani, kila kipande cha garneti nyekundu kimekatwa kikaenea ndani ya kijumba chake cha dhahabu. Chini ya kito limetandikwa bati jembamba la dhahabu lenye mistari midogo, ili mwanga ukiingia urudi ukimeta. Sonara wa leo, na taa yake ya umeme, atatoka jasho kuiga kazi hiyo. Mshenzi haifanyi.

Wapo wanaosema eti watu wa nyumba za mbao hawawezi kuwa wastaarabu. Hoja hiyo ni ya kitoto. Ustaarabu haupimwi kwa uzito wa ukuta, na hata hivyo mawe waliyajenga: kanisa la Monkwearmouth lilianzishwa mwaka 674, na sehemu yake ingali imesimama.

Karibu na mwaka 700, Askofu Eadfrith aliandika na kupamba Injili za Lindisfarne. Nyuma ya kurasa zake za ngozi bado zinaonekana alama za bikari alizopimia michoro. Baadaye katika karne ya 8, Mfalme Offa wa Mercia aligonga sarafu ya dhahabu kwa kuiga dinari ya Khalifa al-Mansur wa Baghdad, maandishi ya Kiarabu yakiwemo. Nchi iliyozama gizani isingeijua pesa ya Baghdad.

Kama kazi zao zilizobaki ni chache, hasara kubwa ilikuja baadaye. Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa, zilizokuwa zikizihifadhi, kati ya 1536 na 1540; dhahabu ikayeyushwa, maktaba zikatawanywa. Ni dhuluma kuwaita mafukara watu ambao mali yao iliporwa na vizazi vyao wenyewe.

Hata Wanormani waliutambua ufundi wa Waanglo-Saksoni. Kitambaa cha Bayeux, karibu mita 70 za darizi zinazosimulia ushindi wao, wataalamu wengi wanakubali kuwa kilidariziwa Uingereza. Mshindi alipotaka sifa zake zidumu, alizikabidhi kwa sindano ya aliyeshindwa.